Muulize Fundi: Gari ya zamani inachemsha, sawa, ila inachemsha wakati gani?

Safari hii barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, gari kuchemsha. Nimechukua tano tu maana kila moja ina ugonjwa wake japo dalili wote mnaandika ileile, mshale umepanda, moshi, maji yamemwagika, nifanyeje. Naomba nianze na ombi kabla ya majibu. Kabla hujafungua nati yoyote na kabla hujatoa hela, kaa na gari yako uangalie mshale unapanda wakati gani. Kwenye foleni? Kwenye mwendo? Mlimani? Ukishazima? Hilo swali nimeliona likiokoa injini nyingi kuliko spana zangu zote, na inaniuma kweli kuona mtu kabadilisha rejeta, pampu, thamostati (kile kivali kinachofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto), mipira, halafu gari bado inachemsha kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Peugeot 504 ya 1976 ya petroli, niliachiwa na marehemu baba yangu. Kwenye foleni dakika kumi tu mshale unafika kwenye nyekundu, lakini nikipata barabara ya wazi nikakaa kwenye 80 mshale unashuka wenyewe. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akaitupa, akasema hiyo ndiyo inayosumbua. Haikusaidia. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, wa tatu anasema ninunue rejeta mpya. Mfuniko wa rejeta na mipira nimeshabadilisha. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu liko kwenye barua yako mwenyewe, pale uliposema mshale unashuka ukiwa kwenye 80. Fikiria, injini inayosukuma gari kwa mwendo huo inachoma mafuta mengi na inatoa joto jingi kuliko ile inayounguruma tu kwenye foleni, sasa kama rejeta ingekuwa imeziba au pampu ya maji imechoka gari ingechemsha barabarani kwanza. Haichemshi. Kinachobadilika ukitoka kwenye foleni ni upepo, maana kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe kwenye grili na kwenye foleni unategemea feni peke yake. Kwahiyo tunaanza na feni, rejeta iache ilipo.

Na 504 ina jambo lake hapo. Feni yake haijafungwa moja kwa moja kwenye puli ya wota pampu kama magari mengi ya umri wake, ina klachi ya sumaku ya umeme. Kwenye rejeta kuna swichi ya joto, maji yakifika kiwango swichi inapitisha umeme, umeme unapita kwenye kaboni ndogo inayosugua kwenye ringi, sumaku inashika, feni inazunguka na puli. Maji yakipoa inaachia. Walifanya hivyo injini iwahi kupata moto asubuhi na isipoteze nguvu kuzungusha feni bure. Kazi nzuri kabisa, ila baada ya miaka karibu 50 kaboni imekwisha, ringi ina grisi, waya umekatika ndani ya mpira wake, au swichi imekufa. Na mtego wenyewe ndio huu, klachi ikiwa haijashika feni bado inazunguka kivivu kwa msuguano wa beringi, fundi anafungua boneti anaiona inazunguka anasema feni nzima. Naamini ndicho kilichowapata wote watatu.

Pima hivi. Injini imezimwa na imepoa, chukua waya wenye fyuzi kutoka pozitivu ya betri, gusisha kwenye terminali ya kile kishikio cha kaboni. Usikie "tak", na ukijaribu kuzungusha feni kwa mkono iwe nzito imeshikana na puli. Ikishika, klachi na kaboni ni wazima, tatizo liko kwenye swichi au waya za kuja. Isiposhika, toa kaboni uangalie urefu wake na chemchemi yake, safisha ringi kwa msasa laini, kisha upime tena. Kaboni ni kitu kidogo kuliko ncha ya kidole, na ndiyo ingekufanya ununue rejeta nzima.

Ukiwa hapohapo piga tochi kwenye mapezi ya rejeta, wadudu na vumbi vikijaa huko upepo haupiti, osha kwa maji ya kawaida ukitokea upande wa injini kwenda nje, usitumie presha kubwa utayalaza mapezi. Angalia mkanda wa feni, ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja hivi, ukilegea zaidi unateleza.

Thamostati irudishe, tena nakuomba sana. Najua wengi tumefundishwa kuitoa, hata mimi nilifundishwa hivyo nikiwa kijana, lakini injini isiyo na thamostati inatembea baridi, oili haifiki joto lake, petroli inateremka kwenye kuta za silinda inaosha oili, ringi za pistoni zinakwisha mapema. Halafu kuna injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, yaani umeitoa ili ipoe na ndio umeichemsha. Kama una wasiwasi nayo ipime, itie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, washa moto. Namba imegongwa kwenye thamostati yenyewe, nyingi za magari haya ni 82 au 88, ikikaribia hapo ianze kufunguka na baada ya nyuzi kumi hivi zaidi iwe wazi kabisa. Ikibaki imefunga maji yakichemka, tupa. Na ile aliyoitupa yule fundi usiende kuiokota, nunua mpya ya namba yake.

Kuhusu gasketi, mtu akikwambia imeungua mwambie akuonyeshe. Vipimo vipo na havihitaji kufungua kichwa cha injini, yaani hiyo silinda hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, washa, angalia maji, mapovu yakija mfululizo bila kuisha au ukirudisha mfuniko mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili wakati maji hata hayajapata moto, hapo gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kuna pia kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ikigeuka njano gasketi au kichwa kina tatizo. Ukipita vipimo hivyo salama usikubali kichwa kifunguliwe. Kwa 504 nasisitiza zaidi kwa sababu silinda zake ni laina, yaani mirija ya chuma ya kuchomoka inayokaa ndani ya maji, kichwa kikitolewa na mtu akazungusha krenki bila kuzibana, laina zinanyanyuka, sili za chini zinaharibika, maji yanashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Umeingia na kaboni ya feni umetoka na injini ya kushusha. Baba yako kaitunza hii gari, tuitunze.

SWALI: Kaka mimi yangu ni kinyume, Datsun 1200 ya 1973. Foleni haina shida hata nusu saa. Nikipanda mlima mrefu na mzigo au nikienda kasi muda mrefu mshale unapanda polepole mpaka natakiwa kusimama. Maji hayapungui sana. Feni nimeangalia iko sawa.

JIBU: Umeangalia vizuri ndugu yangu na umenirahisishia kazi. Feni inatosha, kinachoshindwa ni uwezo wa mfumo kubeba joto jingi kwa wakati mmoja, au injini inatengeneza joto kuliko inavyopaswa. Upande wa kwanza ni maji, wa pili ni moto, na watu wengi wanaangalia maji tu.

Maji kwanza. Rejeta za zama zile ni shaba na brasi zilizolehemiwa, tyubu zake nyembamba zinajaa kutu na chokaa moja moja, hazizibi siku moja, kwahiyo siku za kawaida rejeta nusu inatosha na mlimani haitoshi. Gari ikiwa ya moto, zima, pitisha kipimajoto cha miale (kile cha kuelekeza tu bila kugusa) kwenye uso wa rejeta, joto linapaswa kushuka taratibu kutoka maji yanapoingia mpaka yanapotokea, ukikuta eneo limepoa ghafla wakati jirani yake ni moto hapo tyubu zimeziba. Rejeta kama hiyo mtu wa kulehemu anaweza kufungua tangi la juu akapitisha vyuma kwenye tyubu au akaweka moyo mpya, huna haja ya kuitupa, na ile ya asili ni nzuri kuliko nyingi za kuigiza.

Halafu blok yenyewe. Mashimo ya maji kuzunguka silinda ya nyuma ndipo tope la kutu linapotulia, na ukimwaga maji kwa bomba la rejeta peke yake lile tope halitoki. Kwenye ubavu wa blok tafuta bomba au plagi ya kumwagia, ifungue, ukikuta hakuna kinachotoka chokoa kwa waya mpaka maji yaje. Mimi nimeshakuta tope la vidole vitatu humo. Toa thamostati kwa muda, sukuma maji kwa mpira ukitokea juu ya injini yarudi kinyume na njia yake ya kawaida mpaka yatoke meupe. Kama kutu ni nyingi asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji inasaidia, lakini kichwa cha injini yako ni aluminiamu kwahiyo usiiache ikalala humo siku nyingi, isuuze vizuri mno baadaye.

Mpira wa chini wa rejeta, huu wengi hawaujui na ni wa kuangalia kwa macho tu. Huo ndio ambao pampu inavuta maji kupitia kwake, ukishakuwa laini kwa uzee, kwenye mwendo pampu inavuta, mpira unajikunja kwa ndani kama mrija unaonyonywa, maji yanakosa njia. Ukisimama unarudi mzima, kwahiyo ukifungua boneti huoni kitu. Mwambie mtu apandishe resi injini ikiwa moto wewe ukiangalia, mbali na feni na mkanda. Mpira ukijikunja umempata mwizi. Mingi ilikuwa na chemchemi ya waya ndani, ikishaoza na kutoka mpira unabaki bila uti wa mgongo.

Pampu nayo, ukikamata feni ukaitikisa isiwe na mchezo na kile kitundu chake cha chini kisiwe na alama ya maji. Ila pampu inaweza kuwa haivuji na bado mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu yamebaki vijiti, hilo mpaka uitoe.

Sasa moto. Taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, ikichelewa mchanganyiko wa petroli na hewa unawaka pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, nguvu kidogo, joto jingi linaishia kwenye kuta za silinda na eksozi. Pima kwa taa ya taimingi kwa alama za kitabu cha gari, halafu nyonya ule mrija mwembamba wa vakyumu unaoenda kwenye distribyuta, bamba la ndani lisogee na likae, ukisikia hewa inapita tu diaframu imepasuka. Vyuma vya uzito vilivyo chini ya lile bamba pia hugandamana kwa grisi ya zamani, na hivyo ndivyo vinavyosogeza taimingi kwenye mwendo, yaani palepale unapochemsha wewe. Toa plagi za cheche, zikiwa nyeupe kama chaki mchanganyiko una petroli kidogo, jeti imeziba au hewa inaingia kwenye gasketi ya manifoldi. Na kabla ya yote hayo inua magurudumu uyazungushe kwa mkono, breki iliyoshika kidogo ni sawa na kupanda mlima siku nzima.

SWALI: Mimi nina Land Rover Series III ya 1975. Geji ya joto inakaa karibu na nyekundu muda wote hata asubuhi dakika tano baada ya kuwasha, lakini haijawahi kumwaga maji wala kutoa moshi. Nimeshanunua thamostati mbili. Na sijui kama inahusiana, ila geji ya mafuta nayo siku hizi inasema tangi limejaa hata nikijua liko nusu.

JIBU: Inahusiana dada, na hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu lote, nafurahi hukuiacha. Geji zote mbili zinalishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi kinachotuliza umeme, kazi yake ni kuzipa wastani wa volti 10 bila kujali betri iko 12 au chaji iko 14. Ndani kuna kibamba kinachopata joto, kinakata na kuunganisha, na ili kifanye hivyo lazima bodi yake ipate negativu kupitia skrubu iliyoishikilia. Skrubu ikipata kutu au ikilegea kile kibamba hakipati joto, hakikati tena, kinapitisha umeme wote, geji zote mbili zinapanda pamoja. Kisafishe kwenye sehemu inayogusa chuma, kaza. Isipobadilika kibadilishe, na ukiweka mpya igeuze kama ilivyokuwa, juu juu na chini chini, maana za kibamba zimetengenezwa zikae mkao wake.

Ili moyo wako utulie piga kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya thamostati injini ikiwa moto. Ukipata 80 na kitu mpaka 90 gari yako ni nzima, na hizo thamostati mbili weka moja akiba. Geji moja ya joto ingepanda peke yake ningekwambia angalia senda (kile kihisio cha joto kwenye injini) na waya wake, kama umegusa bodi mahali geji inaruka mpaka mwisho. Zikipanda mbili, ni hicho kidude.

SWALI: Nitie maji matupu au kulanti? Na ni kweli nikizima gari ikiwa moto mshale kupanda ni gasketi?

JIBU: Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa yale ya betri. Sababu kubwa sio baridi, ni kutu. Maji matupu kwenye blok ya chuma na kichwa cha aluminiamu yanakula vyote viwili, na ile kutu ndiyo inayoenda kuziba rejeta ya mwenzako wa Datsun hapo juu. Pia mchanganyiko huo unachelewa kuchemka, na mfuniko wenye presha unasogeza mbali zaidi, kila psi moja (kipimo cha presha) inaongeza kama nyuzi moja na nusu hivi, kwahiyo mfuniko wa 13 uliolegea chemchemi umekuibia karibu nyuzi 20. Weka namba ya kitabu, usipandishe presha kwenye rejeta ya zamani ukidhani unaisaidia, utapasua lehemu. Dawa za unga za kuziba uvujaji sizipendi, zinaziba na pasipotakiwa.

Mshale kupanda kidogo baada ya kuzima ni kawaida, pampu imesimama lakini chuma bado kina joto na kinalimwaga kwenye maji yaliyotulia. Ukiwasha dakika chache baadaye ukashuka, usihangaike.

SWALI: Fundi naomba usinicheke, gari yangu haina maji kabisa, Volkswagen Beetle ya 1969, ila nahisi inapata moto sana, oili inanuka imeungua na nguvu zinapotea nikienda mbali.

JIBU: Kwanini nikucheke, hiyo inastahili uangalizi kuliko zote kwa sababu haina mshale wa kukuonya. Beetle inapozwa na upepo na oili, kwahiyo rejeta yako ni zile bati zilizofunika injini. Fungua mlango wa nyuma uangalie kama zote zipo, kila kibati, kila skrubu, na hasa ule mpira unaozunguka injini pale inapokutana na bodi. Wengi wakishatoa injini mara moja ule mpira hawaurudishi. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini kwenye silinda na eksozi, ukikosekana feni inavuta hewa ileile ya moto inairudisha kwenye injini, raundi baada ya raundi. Halafu chungulia kwenye mdomo wa feni, kitambaa cha kufutia kikisahauliwa humo ndani kinavutwa na kuziba, nimekitoa kwa mikono yangu zaidi ya mara moja.

Ya 1969 ina kipozea oili ndani ya nyumba ya feni, kimekaa njiani mwa upepo wa silinda namba 3, ndiyo maana hiyo silinda hupata moto kuliko wenzake. Kuanzia modeli ya 1971 walikisogeza nyuma kwenye kijumba chake. Kwahiyo ukirekebisha vali, injini ikiwa baridi kabisa ya kulala usiku, namba 3 ipe muda wako, milimita 0.15, isiwe chini ya hapo. Vali ya eksozi iliyobana haikai kwenye kiti chake, na kwenye kiti ndipo inapopumzishia joto, ikikosa inaungua.

Kuna mtu atakwambia toa thamostati na vile vibati vyake vya kufungua upepo. Usitoe. Ya kwako ni kikopo chenye mikunjo na kikitoboka kinatanuka, vibati vinabaki wazi, yaani hata kikifa kinakufa salama. Oili ni lita 2.5 tu, kidogo kwa injini hiyo, kwahiyo nusu lita ikipungua umepoteza moja ya tano ya kitu kinachoipoza, pima kila unapojaza mafuta na umwage mapema, ukizingatia umesema inanuka usisubiri.

La mwisho kwako, mkanda. Mkanda mmoja ndio unaozungusha dainamo na kwenye shafti hiyohiyo ndipo feni ilipo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani kwenye gari nyingine unaweza kufika nyumbani kwa betri, kwenye Beetle zima palepale pembeni ya barabara, fungua nyuma, angalia mkanda kama upo. Beba wa akiba na spana ya nati ya puli, kuubadilisha ni robo saa.